Majaribio Madogo Katika Serikali za Kaunti na Mashirika Makubwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandaliwa kwa ajili ya maafisa wa kaunti za Nakuru, Kisumu, Kakamega, Busia, Siaya na majirani zao, pamoja na wasimamizi wa kampuni za maji, hospitali, vyama vya ushirika na mashirika mengine makubwa, ambao wangependa kulijaribu jambo jipya kwa kiwango kidogo, kama zinavyofanya kampuni changa, kabla ya kulitangaza kwa wananchi wote.

Jaribio ni nini, na linatofautianaje na miradi ya majaribio tuliyoizoea?

Kampuni changa huanza na dhana ambayo haijathibitishwa: kwamba watu fulani wana shida fulani, na kwamba watakubali kuitatua kwa njia fulani. Kwa kuwa fedha zake huisha upesi, haiwezi kungoja miaka mitatu ndipo igundue kwamba ilikosea. Kwa hiyo hutengeneza toleo dogo la huduma, huliweka mbele ya wateja wachache, hupima wanachokifanya badala ya kuwauliza wanachokipenda, kisha huamua kuendelea, kubadilisha au kuacha. Mzunguko huo hurudiwa, na fedha huongezwa kwa kadiri ushahidi unavyoongezeka.

Mradi wa majaribio uliozoeleka katika ofisi za umma una sura nyingine. Utepe hukatwa, mgeni rasmi huhutubia, fulana hugawanywa, na baada ya miaka miwili huandikwa ripoti inayosema kwamba walengwa waliridhika na kwamba changamoto zilikuwepo. Ukimwuliza mhusika ni matokeo gani yangemfanya akiri kwamba mradi umeshindwa, hana la kujibu, kwa maana jambo hilo halikuwahi kuandikwa. Jaribio la kweli lina swali linaloweza kujibiwa "hapana", lina kipimo kilichokubaliwa kabla ya kazi kuanza, na lina ukurasa mmoja unaosema ni nani atakayeamua, tarehe gani, na atachukua hatua gani kwa kila jibu linaloweza kupatikana. Ukurasa huo usipokuwepo, kilichofanyika ni uzinduzi tu.

Je, mtindo huu si wa kigeni, usiolingana na mazingira yetu?

Eneo la magharibi mwa Kenya limefanyiwa majaribio ya sera za umma kwa muda mrefu na kwa kina kuliko maeneo mengi duniani. Mwaka 1998, katika Busia, shule 75 za msingi ziliingizwa katika mpango wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo. Kwa kuwa haikuwezekana kuzifikia zote kwa mara moja, ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25: kundi la kwanza lilianza 1998, la pili 1999 na la tatu 2001. Shule zilizokuwa zikisubiri zamu zao ndizo zilizokuwa kipimo cha kulinganishia. Edward Miguel na Michael Kremer walipochapisha matokeo mwaka 2004, walionyesha kwamba utoro shuleni ulipungua kwa takriban robo, na kwamba hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa kuwa maambukizi yalipungua katika mazingira yao. Kremer alikuwa miongoni mwa watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019 kwa kazi ya aina hii.

Katika eneo hilohilo la Busia na Teso lilifanyika jaribio jingine ambalo halisimuliwi sana, nalo kwa maoni yangu lina mafunzo zaidi kwa afisa wa umma. Shule zilipewa vitabu vya kiada, jambo ambalo karibu kila mtu angeapa kwamba lingepandisha alama. Alama za wastani hazikupanda. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa tayari mbele, kwa kuwa vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa huko ni lugha ya tatu, na mtaala wenyewe ulikuwa juu ya kiwango chao. Bila kulinganisha shule zilizopata vitabu na zile ambazo hazikuwa zimepata, wizara yoyote ingeendelea kuhesabu vitabu vilivyogawanywa na kuuita ugawaji huo mafanikio.

Yapo mengine. Katika kliniki 20 za wajawazito magharibi mwa Kenya, Jessica Cohen na Pascaline Dupas walijaribu bei mbalimbali za vyandarua vyenye dawa, na wakapata kwamba kutoza shilingi 40 badala ya kutoa bure kulipunguza uchukuaji kwa pointi 60 za asilimia, wala waliopewa bure hawakuonekana kuvitumia kwa uzembe kuliko walionunua. Katika kituo cha afya cha Chulaimbo, karibu na Kisumu, watu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi walitumiwa ujumbe mfupi wa simu wa kuwakumbusha. Waliotumiwa mara moja kwa wiki, asilimia 53 kati yao walifikia kiwango cha kumeza dawa kwa angalau asilimia 90 ya wakati, ikilinganishwa na asilimia 40 ya ambao hawakutumiwa. Ujumbe wa kila siku haukuleta nafuu hiyo. Hakuna kikao cha wataalamu ambacho kingeweza kukisia kwamba kukumbusha mara chache kungefaa kuliko kukumbusha sana.

Kinachosikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya maarifa haya yalikusanywa na watafiti na mashirika yasiyo ya kiserikali, huku ofisi zetu zikiwa wenyeji tu. Maswali yaliulizwa na wengine. Serikali za kaunti, ambazo zimekuwepo tangu 2013 na zina mamlaka juu ya afya, masoko, kilimo na elimu ya chekechea, zina kila sababu ya kuuliza yao.

Je, shirika kubwa linaweza kujaribu jambo kama kampuni changa inavyofanya?

Linaweza, na mfano ulio karibu zaidi nasi ni M-PESA. Mwaka 2005, Safaricom na mbia wake Vodafone, kwa kuchangiwa fedha na idara ya maendeleo ya kimataifa ya serikali ya Uingereza, walianza jaribio dogo Nairobi na Thika lenye wateja wasiofika 500. Dhana yao ilikuwa kwamba wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo wangependa kurejesha mikopo kwa simu. Waliofuatilia matumizi waliona jambo lingine: watu walikuwa wakitumiana fedha, wakiweka fedha kabla ya safari na kuzitoa wafikapo, na kuwalipia wengine. Upande wa mikopo, kwa upande wake, uliitatiza taasisi iliyoshiriki katika uwekaji wa hesabu zake. Huduma ilipozinduliwa kwa umma Machi 2007, ilikuwa imeacha dhana ya kwanza na kujengwa juu ya kile ambacho wateja walikuwa wakikifanya.

Tukumbuke kwamba kampuni hizo zilikuwa tayari kubwa. Kilichowezesha jaribio lile ni kikosi kidogo kilichotengewa fedha zake na kuruhusiwa kubadili mwelekeo, pamoja na mdhibiti, yaani Benki Kuu ya Kenya, aliyekuwa tayari kuangalia kwanza na kutunga kanuni baadaye.

Kwa upande wa mashirika ya umma, kampuni ya maji ya Kisumu ilijaribu katika mitaa kama Nyalenda utaratibu wa kuwauzia maji kwa jumla wasimamizi wa mtaani, ambao nao huyasambaza kwa kaya na vioski, hukusanya malipo na kuchunga mabomba. Kampuni haikulazimika kubadili mfumo wake wote ili kujua kama utaratibu huo ungepunguza maji yanayopotea na yanayoibwa, kwani ilianza na mtaa mmoja.

Fedha za umma zinaweza kutumiwa kwa jambo lisilo na hakika? Je, mkaguzi wa hesabu hatatuandama?

Hili ndilo swali linalozima majaribio mengi kabla hayajaanza, na linastahili kujibiwa kwa uangalifu. Kifungu cha 226(5) cha Katiba kinamwajibisha afisa wa umma anayeidhinisha au kuelekeza matumizi ya fedha za umma kinyume cha sheria au maagizo, naye hulipa hasara iliyotokea, awe angali ofisini au ameondoka. Uzito wa kifungu hicho uko katika maneno "kinyume cha sheria". Afisa aliyefuata bajeti iliyopitishwa, akafuata taratibu za ununuzi, akaandika swali na kipimo, kisha akapata jibu la "hapana", hakuvunja sheria yoyote. Kinachomtia mtu matatani ni kukosa karatasi: hakuna mstari wa bajeti, hakuna kumbukumbu za kikao kilichoidhinisha, hakuna ripoti ya mwisho, na kwa hiyo mkaguzi anaona fedha zilizotoka bila kitu cha kuonekana.

Ushauri wangu ni kwamba jaribio liitwe jaribio tangu kwenye bajeti. Usiandike "uboreshaji wa ukusanyaji wa ushuru wa soko" ikiwa unachokusudia ni kujua kama njia fulani ya kukumbusha wafanyabiashara itaongeza malipo. Ukiandika hivyo, kipimo cha mkaguzi kitakuwa ongezeko la ushuru, na jibu la "hapana" litaonekana kuwa hasara. Andika kwamba zao la matumizi hayo ni uamuzi wenye ushahidi, na uambatanishe tarehe ambayo uamuzi huo utawasilishwa.

Tena, tuna mfano hapa Nakuru ambao hakuna mkaguzi anayeutilia shaka. Katika kituo cha utafiti wa mazao cha Njoro, tangu 2005, maelfu ya aina za ngano kutoka nchi nyingi hupandwa kila msimu ili kuona zipi zitahimili ugonjwa wa kutu ya shina wa aina ya Ug99, uliogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Nyingi hushindwa. Hakuna anayeziita hasara aina hizo zilizoshindwa, kwa sababu kila mtu anaelewa kwamba kazi ya kituo ni kuchuja. Idara ya mapato au ya afya inaweza kueleweka vivyo hivyo, ikiwa itajieleza mapema.

Tutaingizaje jaribio katika ratiba ya bajeti ya kaunti?

Ratiba ndiyo inayoyakwamisha majaribio, na ni lazima ijulikane. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mpango wa maendeleo wa kila mwaka hupaswa kufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka unaotangulia, na mpango huo nao hutokana na mpango jumuishi wa miaka mitano, ambao wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Maana yake ni kwamba wazo linalokujia Oktoba halina fedha kwa muda wa miezi ishirini, isipokuwa kwa bajeti ya ziada.

Kwa hiyo, ni afadhali idara iombe mstari mdogo wa jumla kwa ajili ya majaribio, wenye kikomo kwa kila jaribio na wajibu wa kuripoti kwa kamati husika ya bunge la kaunti kila robo mwaka, kuliko kuomba fedha za wazo moja ambalo litakuwa limepitwa na wakati fedha zitakapofika. Wawakilishi wadi hupinga mistari ya jumla kwa sababu njema, maana mingi imetumiwa kuficha mambo. Kikomo na ripoti ndivyo vitakavyowashawishi. Aidha, majaribio mengi yanayofaa hayahitaji fedha mpya kabisa: kubadili maneno ya barua ya kudai kodi ya ardhi, kubadili siku ya kliniki, au kubadili mpangilio wa foleni ni mambo yanayofanyika ndani ya bajeti iliyopo.

Na ununuzi? Zabuni huchukua miezi.

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 ina njia nyingi kuliko zinavyotumiwa. Ipo zabuni ya hatua mbili, inayofaa pale ambapo ofisi haijui bado maelezo kamili ya inachokitaka. Yapo mashindano ya usanifu. Ipo mikataba ya mfumo, inayoruhusu kuagiza kidogokidogo kadiri mahitaji yanavyojitokeza. Upo pia ununuzi wa thamani ndogo na maombi ya bei. Kisichoruhusiwa ni kuligawanya hitaji moja katika vipande ili kukwepa utaratibu. Ikiwa unajua tayari kwamba utanunua mashine 300, usianze kwa kununua 10 kwa njia ya thamani ndogo ukaziita jaribio. Zitakuwa jaribio la kweli ikiwa tu kuna uwezekano wa dhati wa kutonunua 290 zilizosalia, na uwezekano huo umeandikwa.

Jihadhari pia na mzabuni anayejitolea kufanya jaribio bure. Baada ya miezi sita takwimu zote zitakuwa kwenye mfumo wake, watumishi watakuwa wamezoea skrini zake, na ushindani utakuwa umekwisha kabla ya zabuni kutangazwa.

Tunahitaji watu wangapi ili tuweze kuamini matokeo?

Tuchukue mfano wa kufikirika. Tuseme katika masoko ya Kisumu wafanyabiashara 40 kati ya kila 100 huhuisha leseni zao kwa wakati, na idara inataka kujua kama ujumbe wa simu wa wiki mbili kabla ya mwisho wa muda utawafikisha 50. Kwa viwango vya kawaida vya takwimu, utahitaji takriban wafanyabiashara 390 katika kila kundi, yaani watakaotumiwa na wasiotumiwa. Ukitarajia ongezeko dogo, kutoka 40 hadi 45, utahitaji zaidi ya 1,500 kwa kila kundi. Maofisi mengi hujaribu kwa watu 30, huona tofauti, na kuitangaza, ilhali tofauti hiyo ingeweza kutokea kwa bahati tu.

Mambo huwa magumu zaidi ikiwa huduma haiwezi kutolewa kwa mtu mmoja mmoja. Ukibadilisha utaratibu wa soko zima, basi kinachohesabiwa zaidi ni idadi ya masoko, hata kama kila soko lina wachuuzi elfu mbili. Kisumu ina wadi 35 na Nakuru ina 55. Jaribio la ngazi ya wadi linaweza kuonyesha mabadiliko makubwa, lakini madogo litayapoteza. Kaunti za eneo la Ziwa Viktoria tayari zina jumuiya yao ya kiuchumi yenye kaunti 14, na sioni kwa nini jaribio moja lisiendeshwe na tatu au nne kati yake kwa pamoja.

Zipo pia hatua za mwanzo ambazo hazihitaji hesabu hizo. Unapotaka kujua kama fomu inaeleweka, keti na wananchi watano wanapoijaza katika kituo cha Huduma, uwaangalie bila kuwasaidia. Makosa makubwa yatajitokeza siku hiyohiyo. Mtandao wa bima ya afya wa serikali ya Marekani ulipofunguliwa Oktoba 2013 kwa majimbo 36 kwa mkupuo mmoja, watu sita tu walifanikiwa kujisajili siku ya kwanza.

Ni haki kuwapa wengine na kuwanyima wengine?

Pale ambapo huduma haiwezi kuwafikia wote kwa mara moja, wengine watatangulia hata bila jaribio, na mara nyingi wanaotangulia ni walio karibu na barabara ya lami au na ofisi ya mkubwa. Kupanga zamu kwa kura, mbele ya watu, ni haki zaidi ya hayo. Kura inaweza kupigwa katika baraza la chifu, kila mtu akiona, na kila kijiji kikajua zamu yake itafika lini. Shule za Busia nazo zilipangiwa zamu, na hakuna iliyonyimwa kabisa.

Lakini kuna mambo ambayo hayajaribiwi. Huduma inayojulikana kuokoa maisha haizuiwi kwa ajili ya kulinganisha. Na kuwaondolea watu walichonacho ni tofauti kabisa na kuchelewa kuwaongezea. Mwaka 2020, utafiti uliohusu ukataji wa maji kwa wenye nyumba waliokuwa na madeni katika mtaa wa Kayole-Soweto, Nairobi, uliibua hasira nyingi, kwa kuwa waliokosa maji ni wapangaji, ambao hawakuwa wameulizwa. Watafiti walilazimika kutoa maelezo ya kina kuhusu maadili ya kazi yao. Afisa yeyote anayefikiria kujaribu adhabu badala ya huduma anapaswa kuusoma mjadala ule kwanza.

Kuhusu vibali, marekebisho ya kawaida ya huduma ni kazi ya kila siku ya ofisi. Mara tu unapokusudia kukusanya taarifa za watu kwa utafiti utakaochapishwa, au unapogusa matibabu, utahitaji leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu pamoja na idhini ya kamati ya maadili, kama zile za Chuo Kikuu cha Maseno na Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Ushirikishaji wa umma unaotakiwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 hauondolewi na udogo wa jaribio.

Na taarifa za watu binafsi?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatumika kwa kaunti kama inavyotumika kwa kampuni. Kusanya kile tu ambacho kipimo chako kinakihitaji, na uamue mapema kitafutwa lini. Nambari ya kitambulisho haihitajiki ili kujua kama foleni imepungua.

Jambo likifaulu kwa kiwango kidogo, litafaulu kaunti nzima?

Hapana hakika, na hapa ndipo pana mafunzo mazito zaidi kwa Kenya. Kuanzia 2005, katika shule za mkoa wa Magharibi, jaribio la kuajiri walimu wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja lilionyesha kwamba wanafunzi wao walifanya vizuri zaidi. Serikali ilipotaka kuupanua mpango huo nchi nzima, watafiti waliokuwemo Mwangi Kimenyi na Germano Mwabu walipanga jambo la busara sana: katika shule kadhaa walimu hao wasimamiwe na shirika lisilo la kiserikali, na katika nyingine wasimamiwe na wizara yenyewe, kwa masharti yaleyale. Chini ya shirika, alama zilipanda. Chini ya wizara, hazikupanda kabisa. Mishahara ilichelewa, usimamizi ulilegea, na chama cha walimu kilidai kwamba walimu hao waajiriwe kwa kudumu. Wazo lilikuwa lilelile; mwenye kulitekeleza ndiye aliyebadilika.

Kwa sababu hiyo, nashikilia kwamba jaribio la serikali liendeshwe tangu mwanzo na watumishi walewale watakaoliendesha baadaye, kwa mishahara yao ya kawaida, mafuta yao ya kawaida na intaneti yao ya kawaida. Ukilipa posho maalumu wakati wa jaribio, unachokipima ni posho.

Kisumu inatupa mfano wa upande wa pili. Chini ya mradi wa kusoma wa madarasa ya mwanzo uliotangulia ule wa kitaifa wa Tusome, shule za Kisumu ziligawanywa ili kulinganisha njia tatu: kuwapa kompyuta kibao maafisa wanaowatembelea na kuwaelekeza walimu, kuwapa walimu wenyewe, au kuwapa wanafunzi visomeo vya kielektroniki. Njia zote zilileta manufaa yasiyotofautiana sana, lakini kuwapa maafisa kuligharimu kidogo mno kwa kila mtoto, kwa kuwa afisa mmoja hufikia shule nyingi. Tusome ilipoenea nchini kuanzia 2015, kompyuta kibao zilipewa maafisa hao. Ni nadra kuona gharama ikipewa uzito sawa na matokeo, na jambo hilo linafaa kuigwa.

Kwa upande mwingine, mpango wa afya kwa wote uliozinduliwa Kisumu tarehe 13 Desemba 2018 kwa niaba ya kaunti nne, zikiwemo pia Nyeri, Machakos na Isiolo, ulichagua kaunti kwa kufuata mzigo tofauti wa maradhi katika kila moja. Uchaguzi huo ulisaidia kufichua matatizo ya aina nyingi, kama uhaba wa dawa wagonjwa wanapoongezeka. Lakini kwa kuwa hapakuwa na kaunti au vituo vilivyopangwa kwa kura ili kulinganishwa, ilikuwa vigumu kujua ni sehemu gani ya mpango iliyosababisha nini. Hata kuanzisha sehemu moja mapema katika nusu ya vituo vya afya kungetufundisha mengi.

Je, ni lazima jaribio lihusu teknolojia?

Hapana. Katika Busia, wakulima wengi walisema wakati wa mavuno kwamba wangenunua mbolea, lakini msimu wa kupanda ulipofika fedha zilikuwa zimekwisha. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walijaribu kuwauzia mbolea mara tu baada ya mavuno, kwa bei ya kawaida, wakiwaondolea gharama ya kuifikisha tu. Matokeo yalikaribia yale ya kupunguza bei kwa asilimia 50 wakati wa kupanda. Kilichobadilika ni tarehe. Idara ya kilimo inayopanga ratiba ya ugawaji wa mbolea ya ruzuku ina swali zuri la kuanzia hapo.

Mkubwa wetu anataka kitu kikubwa kabla ya uchaguzi. Tumweleze nini?

Mweleze kwamba jaribio la miezi mitatu hutoa jambo la kusema mapema kuliko mradi wa miaka mitatu, na kwamba aliyejaribu mbinu mbili na kuchagua bora zaidi ana hoja yenye nguvu mbele ya bunge la kaunti. Mweleze pia kwamba jina lake lisiwekwe kwenye jaribio. Programu yenye jina la kiongozi haiwezi kupewa jibu la "hapana" na watumishi walio chini yake, na mrithi wake ataifuta hata kama inafanya kazi.

Watumishi wanaogopa kwamba jaribio linapima utendaji wao. Tufanyeje?

Hofu hiyo ni ya haki. Katika uzito wa kazi ya zahanati, karatasi moja ya ziada ni mzigo, na takwimu zikitumiwa hata mara moja kumwadhibu mtu, hazitaandikwa kwa ukweli tena. Takwimu za jaribio zitenganishwe na mikataba ya utendaji, na ahadi hiyo itolewe kwa maandishi. Wauguzi, makarani wa mapato na wahamasishaji wa afya ya jamii washirikishwe katika kuunda swali, kwa maana wao ndio wanaojua kwa nini mwananchi hurudi nyumbani bila kuhudumiwa.

Jaribio likisitishwa, tuwaambie nini waliokuwa wakihudumiwa?

Waambieni mapema, kabla hata ya siku ya kwanza, kwamba huduma itadumu hadi tarehe fulani na kwamba itaendelea tu ikiwa matokeo yatafikia kiwango fulani. Tengeni sehemu ya bajeti kwa ajili ya kufunga: kuwarejesha watu kwenye utaratibu wa zamani bila kupoteza kumbukumbu zao, kumaliza dozi au malipo yaliyoanza, na kulipa madeni ya watoa huduma. Matokeo yapelekwe katika baraza lilelile ambalo watu waliombwa kushiriki, kwa Kiswahili au kwa lugha ya eneo, yawe mazuri au mabaya. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuyaomba, lakini asiachwe afike hapo. Nakala ihifadhiwe na katibu wa kaunti na pia na karani wa bunge la kaunti, kwa sababu maafisa huhamishwa, na ofisi inayofuata isipoipata itaanza upya kwa fedha zilezile.